UZI MAALUMU: Jino limevunjika. Hatua za kuchukua tangu dakika ya kwanza hadi kwenye kiti cha daktari

Gego_la_Chini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Maswali ya jino lililovunjika yanajirudia kila mara na majibu yametawanyika kwenye nyuzi mbalimbali, mengine ya hatari kabisa. Tuyakusanye hapa. Naanza na swali linaloamua mengine yote: jino limevunjika hadi wapi?

Nje ya jino kuna enameli, ngumu kuliko mfupa, haina mishipa ya fahamu. Chini yake kuna dentini, ina umanjano kidogo na imejaa vijitundu vidogo sana vinavyoelekea ndani. Katikati kabisa kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Simama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha, kausha jino taratibu kwa pamba au shashi safi, kisha tazama pale palipovunjika.

Ukiona weupe mtupu na hakuna maumivu, imevunjika enameli tu. Kero yake ni ile ncha kali inayokwaruza ulimi na shavu; inaweza kusubiri wiki moja au mbili bila madhara. Ukiona umanjano, na maji baridi au hewa inachoma halafu maumivu yanakatika baada ya sekunde chache, dentini iko wazi. Hapo nenda kwa daktari wa meno ndani ya siku moja au mbili, maana vijitundu vile ni njia ya bakteria kuelekea kwenye kiini. Ukiona nukta nyekundu au ya waridi katikati ya jino, au damu inatoka ndani ya jino lenyewe na si kwenye ufizi, kiini kiko wazi. Nenda siku hiyohiyo. Usikichokonoe kwa kijiti wala pini, usikipake kitu chochote.

Kuna na hali ya nne ambayo kioo hakiioneshi: jino linaonekana zima lakini limelegea, limerefuka kidogo, au linauma ukiligusa kwa kidole. Mzizi unaweza kuwa umevunjika chini ya ufizi. Hilo haliamuliwi kwa macho, linataka eksirei.

---

Shashi_na_Ganzi

Uzi mzuri mkuu. Niongeze ya dakika za mwanzo, hasa kama jino limevunjika kwa kuanguka au kupigwa.

Anza na kichwa kabla ya jino. Kama mtu alizimia hata kidogo, anatapika, amechanganyikiwa au kichwa kinauma sana, hospitali kwanza, jino baadaye. Kisha mwambie aume taratibu: kama meno hayakutani kama yalivyozoea kukutana, mdomo haufunguki vizuri, au mdomo wa chini na kidevu vimekufa ganzi, huenda taya limevunjika. Hiyo nayo ni hospitali.

Kama hayo hayapo, sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu. Ufizi au mdomo ukitoa damu, kunja shashi safi, weka juu ya kidonda na ubane kwa dakika 10 hadi 15 mfululizo. Wengi wanashindwa hapa kwa sababu wanafunua kila dakika kuchungulia, na kila ukifunua unang'oa damu iliyoanza kuganda. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe nje ya shavu kwa dakika 10 hadi 15, pumzisha, rudia. Isiwekwe juu ya jino lenyewe.

Tafuta kipande. Hili watu hulipuuza, na lina uzito wa namna mbili. Kwanza, daktari anaweza kukigandisha kikarudi mahali pake, na hakuna rezini (ile plastiki ya rangi ya jino ya kuzibia) inayofanana na jino lako kuliko jino lako. Kihifadhi kwenye maziwa, maji ya chumvi ya hospitali, au hata maji safi. Kikikauka kinageuka cheupe kama chaki na hakishiki vizuri mpaka kilowekwe tena. Pili, kipande kisipoonekana lazima ijulikane kiko wapi. Mdomo ukiwa umechanika na kuvimba, kinaweza kuwa kimezama humo, kwa hiyo upigwe eksirei kabla haujashonwa. Na kama mtu alikohoa ghafla wakati wa kuanguka, au sasa anakohoa mfululizo na kupumua kwa mluzi, kinaweza kuwa kimeingia kwenye njia ya hewa. Apigwe picha ya kifua siku hiyohiyo.

---

Mama_Mapacha

Asanteni sana. Naomba ufafanuzi upande wa watoto. Jino la utoto na la ukubwani yanashughulikiwa sawa? Na likitoka lote na mzizi wake?

---

Tabibu_wa_Kinywa

Dada Mama_Mapacha, hapana, hayafanani, na kosa hapa linagharimu jino la maisha yote. Nitaanza na lililong'oka lote.

Jino la ukubwani likitoka zima, saa imeanza kuhesabu. Juu ya mzizi kuna nyuzi laini zenye chembe hai, ndizo zinazolishikanisha jino na mfupa. Chembe hizo zikikaa kavu zinakufa. Baada ya dakika 60 hivi za ukavu hakuna cha kutegemea kutoka kwao. Jino likirudishwa ndani ya dakika 15 ndipo linapokuwa na nafasi kubwa ya kupona. Kwa hiyo likamate kwa upande wa juu, ule unaotafunia, usishike mzizi kabisa. Likiwa na uchafu, lisuuze kwa maziwa au kwa maji baridi yanayotiririka, kwa sekunde zisizozidi 10. Usisugue, usitumie sabuni wala dawa ya kuua vijidudu, usilifute kwa kitambaa. Geuza upande wa mbele utazame mbele, lirudishe kwenye tundu lake kwa kusukuma taratibu, kisha mwambie aume kitambaa safi au leso ili lisitoke. Halafu daktari, moja kwa moja.

Ukishindwa kulirudisha (mtoto analia, au mtu hana fahamu), litie kwenye maziwa. Hakuna maziwa? Mate ya mwenyewe kwenye kikombe safi, au maji ya chumvi ya hospitali. Maji ya bomba ni chaguo la mwisho kwa sababu yanaingia kwenye zile chembe na kuzipasua, ila hata hayo ni bora kuliko kulifunga kwenye karatasi au leso likauke. Mtu mzima mwenye fahamu timamu anaweza kulibeba ndani ya shavu. Mtoto asifanye hivyo, atalimeza.

Daktari atalishikiza kwenye meno ya jirani kwa waya mwembamba unaonepa, kwa kawaida wiki 2. Waya mgumu haufai, maana jino linatakiwa litikisike kidogo ndipo nyuzi zipone bila mzizi kugandamana na mfupa. Kama mzizi ulishakomaa, tiba ya mzizi (kutoa kiini, kusafisha mifereji ya mzizi na kuijaza) huanza ndani ya wiki hizo 2. Chanjo ya pepopunda nayo iangaliwe, hasa kama jino liliangukia udongo.

Jino la utoto lililong'oka HALIRUDISHWI. Chini yake kuna chipukizi la jino la ukubwani, na ukisukuma unaweza kuliharibu kabla halijatoka. Jino la utoto likizama ndani ya ufizi baada ya kuanguka, usilivute. Mara nyingi hushuka lenyewe kwa miezi kadhaa huku daktari akifuatilia. Likivunjika tu, daktari atasawazisha ncha au aliangalie. Kwa kukadiria: meno ya mbele ya ukubwani huanza kutoka kati ya miaka 6 na 8, ni makubwa na ukingo wake una vijimeno kama vya msumeno.

Jambo moja zaidi. Jino la ukubwani la mtoto wa miaka 8 mzizi wake bado haujafunga. Unamalizika kama miaka 3 baada ya jino kutoka. Kiini kikiwa wazi kwa mtoto huyo, lengo ni kukilinda kibaki hai ili mzizi ukue. Daktari huondoa kama milimita 2 za juu za kiini, hufunika kwa dawa maalumu, na kuziba juu yake. Kwa hiyo mzazi akiambiwa "tung'oe tu" kwenye jino la mbele la mtoto, aulize kwanza kama njia hiyo imefikiriwa.

---

Fundi_Sanifu

Kwa walio mbali na kliniki, ile gundi ya haraka inayokauka kwa sekunde inashika kipande vizuri kabisa. Ubaya wake nini hasa?

---

Shashi_na_Ganzi

Fundi, ubaya ni mwingi, na nauandika kwa urefu kwa sababu watu wanafanya hivi.

Inapokauka inatoa joto, na dentini iliyo wazi inalipeleka joto hilo ndani. Inakauka kabla hujapanga kipande sawasawa. Kikikaa juu kwa unene wa unywele tu, kila unapouma jino hilo linapokea pigo la kwanza. Inafungia bakteria na mate chini yake. Na daktari akitaka kugandisha kipande kitaalamu, inambidi akwangue gundi yote pamoja na tabaka la jino lenyewe, halafu kipande hakikai tena kama mwanzo. Kuna na wanaogandisha ufizi na mdomo bila kukusudia.

Ya kufanya badala yake: ncha kali ifunike kwa nta ile wanayotumia wenye waya za kunyoosha meno. Kausha jino, finyanga punje ya nta, bandika. Kama ni gego lenye shimo, maduka ya dawa huuza dawa ya kuzibia ya muda, ya unga wa zinki, ambayo tayari iko kama ujiuji mzito. Sukutua, kausha shimo kwa pamba, jaza kidogo kidogo ukishindilia kwa kidole kilichooshwa au pamba yenye unyevu, uma mara moja ukate ziada, kisha usitafunie upande huo kwa saa moja au mbili. Inagandishwa na unyevu wa mate, hivyo usihangaike kuikausha. Inataka shimo lenye kina. Kwenye jino la mbele lililokatika bapa itadondoka tu. Na usiitie mahali penye usaha au uvimbe, maana unaziba njia ya kutokea.

Tupa ya kucha usiitumie. Inatikisa jino lililopasuka na inaweza kuendeleza ufa.

---

Karafuu_Pori

Mafuta ya karafuu vipi wakuu? Na dawa za maumivu?

---

Tabibu_wa_Kinywa

Mafuta ya karafuu yanasaidia kweli kwa muda, kwa sababu yana eujenoli inayotuliza mshipa wa fahamu. Chovya pamba ndogo, ikamue, gusisha jino kwa dakika chache, itoe. Yakimwagika kwenye ufizi yanaunguza, na kiini kikiwa wazi usiyatumie kabisa. Tena mwambie daktari kwamba umeyatumia: eujenoli inazuia rezini isigande sawasawa, na atahitaji kusafisha vizuri au kuchagua dawa nyingine ya kuzibia.

Dawa za kumeza, kwa mtu mzima asiye na tatizo lingine: ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1000 (vidonge viwili vya 500). Zikitumika pamoja zinashinda kila moja ikiwa peke yake, kwa sababu zinafanya kazi kwa njia tofauti. Rudia baada ya saa 6 hadi 8. Kwa saa 24 parasetamoli isizidi miligramu 4000, na ibuprofeni isizidi 1200 bila daktari. Angalia dawa za mafua unazotumia, nyingi zina parasetamoli ndani, na ini halisamehe kuzidisha. Ibuprofeni imezwe baada ya kula, na isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye pumu inayochochewa na dawa za jamii hiyo. Mtoto apewe kipimo cha uzito wake.

Aspirini kubandikwa juu ya ufizi ni makosa makubwa. Ni tindikali, inababua nyama ikabaki nyeupe yenye kidonda, na maumivu ya jino yanabaki palepale.

---

Gego_la_Chini

Na antibiotiki tuliseme wazi. Jino linauma usiku kucha, mtu anakwenda kununua kapsuli, maumivu yakipungua anasema amepona. Kiini kilichovimba kimebanwa ndani ya kuta ngumu, na kikishakufa hakina damu ya kubeba dawa kukifikia. Maumivu yanapungua kwa sababu mshipa umekufa, na usaha unaanza kukusanyika kwenye ncha ya mzizi. Tiba ni kufungua jino na kulisafisha, au kuling'oa. Antibiotiki zinaingia pale maambukizi yanapovuka jino: uvimbe unaosambaa usoni, homa, mwili kuchoka. Hata hapo zinasindikiza tiba, hazichukui nafasi yake.

Dalili za kukimbia hospitali usiku huohuo: uvimbe unaopanda kufunga jicho au kushuka chini ya taya na shingoni, kushindwa kumeza mate, ulimi kunyanyuliwa juu, mdomo kushindwa kufunguka, kupumua kwa shida. Uvimbe wa chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa kwa muda wa saa chache.

---

Ncha_ya_Chonge

Kuna aina moja mmeipita haraka: jino lililopata ufa bila kukatika. Ndilo linalosumbua watu miezi na miezi kwa sababu picha inatoka safi na mgonjwa anaambiwa hana kitu.

Alama yake kubwa ni maumivu makali ya ghafla, na mara nyingi yanakuja pale UNAPOACHIA kuuma, si unapobana. Ukibana, ufa unafunguka. Ukiachia, pande mbili zinarudiana na majimaji ndani ya vijitundu vya dentini yanashtuka, mshipa unapiga. Baridi nayo inachoma. Mtu hawezi hata kuonesha ni jino gani, anaonesha upande mzima.

Eksirei mara nyingi haioni ufa huo kwa sababu unapita kutoka mbele kwenda nyuma ya jino, sambamba na filamu. Daktari anautafuta kwa kuumisha kijiti maalumu kwenye ncha moja moja ya gego, kwa kumulika taa kali kutoka ubavuni (mwanga unakatika kwenye ufa), au kwa kupaka rangi. Pia anapima ufizi kuzunguka jino: akikuta kijishimo chembamba kirefu mahali pamoja tu, huenda ufa umeshateremka kwenye mzizi, na hapo nafasi ya kuliokoa ni ndogo sana.

Meno yanayopatwa zaidi ni magego yenye kiziba kikubwa cha zamani, kwa sababu kuta zilizobaki ni nyembamba na zinasukumwa nje kila unapotafuna. Wanaosaga meno usingizini, wanaotafuna barafu na mifupa, wanaofungua vizibo vya chupa kwa meno, wote wamo. Tiba ni kuzifunga pande hizo zisiachane: pete ya chuma au kofia (ganda gumu linalofunika jino lote) ya muda kwanza, na maumivu yakitulia, kofia ya kudumu. Kuziba juu tu bila kuzifunga ncha ni kuchelewesha siku ya kupasuka katikati.

---

Mama_Mapacha

Nashukuru. Sasa kwenye kiti cha daktari kunafanyika nini, na nani anastahili kofia na nani kuzibwa tu?

---

Tabibu_wa_Kinywa

Enameli tupu: kusawazishwa na kung'arishwa, bila ganzi, dakika chache.

Dentini: kujengewa kwa rezini. Jino linapakwa tindikali ya fosforiki, ya asilimia 37 hivi, kwa sekunde 15 hadi 30, linaoshwa, linapakwa gundi, kisha rezini inawekwa tabaka kwa tabaka zisizozidi milimita 2 na kila tabaka kumulikwa taa ya bluu kwa sekunde 20 hivi. Adui mkubwa ni unyevu: mate au damu ikigusa jino baada ya tindikali, kiziba kitadondoka mapema. Ndiyo maana ufizi ukiwa unatoka damu daktari mwangalifu huweka kiziba cha muda na kukupangia siku nyingine. Usimlazimishe amalize leo.

Kiini kikiwa wazi kwa mtu mzima, mara nyingi ni tiba ya mzizi: kiini kinatolewa, mifereji inasafishwa, inajazwa. Gego lililotibiwa mzizi livalishwe kofia, kwa sababu limepoteza sehemu kubwa ya kuta zake na litapasuka. Jino la mbele likibaki na kuta za kutosha laweza kuishia na rezini.

Kofia inahitaji kitu cha kukumbatia. Zibaki walau milimita 1.5 hadi 2 za jino zima juu ya ufizi, kuzunguka pande zote. Zisipokuwepo, kofia iliyosimikwa juu ya nguzo ndani ya mzizi itang'oka, au mbaya zaidi itaupasua mzizi. Daktari anaweza kushusha ufizi na mfupa kidogo, au kulivuta jino juu kwa waya kwa wiki kadhaa. Yote hayo yakishindikana, kung'oa ni uamuzi wa haki kuliko kulipia kofia ambayo haitadumu. Mzizi uliopasuka wima kutoka juu hadi chini, nao hung'olewa.

---

Shashi_na_Ganzi

Nyongeza kwa waliopigwa jino la mbele: kuzibwa si mwisho. Rudi baada ya wiki 6 hadi 8, kisha baada ya mwaka. Kiini kinaweza kufa polepole bila maumivu yoyote. Jino likigeuka kijivu, likiota kipele cha usaha kwenye ufizi, au likianza kuuma kwa kugongwa, usisubiri tarehe. Ila jino likikosa kuhisi baridi kwenye kipimo cha kwanza, lisihukumiwe limekufa hapohapo. Baada ya pigo mishipa inaweza kuzubaa hata miezi 3 kisha ikarudi.

---

Karafuu_Pori

Swali la mwisho kwangu. Jino limezibwa, ganzi imeisha, na sasa kila nikiuma linagonga kabla ya mengine. Nivumilie lizoee?

---

Tabibu_wa_Kinywa

Usivumilie. Kushtuka kidogo kwa baridi kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, ni kawaida na kunapungua. Kugonga kwanza hakupungui kwenyewe, maana kiziba kiko juu. Nyuzi za mzizi zinapigwa kila unapotafuna, jino linaanza kuuma lote, na mtu anaishia kutibiwa mzizi ambao haukuwa na tatizo. Rudi, utaumishwa karatasi ya rangi, sehemu iliyozidi itaonekana kwa alama, na itasagwa kwa dakika chache. Ukiwa umekaa wima wakati wa kuuma, si kulala kwenye kiti, alama zinatoka sahihi zaidi, mwombe akuketishe.